Karatasi ya Tisini na Saba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Gumba atakabidhi funguo za makabati ya ramani na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Mwandishi wa maneno haya ameketi meza ya jirani kwa miaka kumi na tisa. Si mtu wa sala; kanisani huonekana siku za harusi. Basi anayoyasimulia ameyaona kwa macho, hakuhubiriwa.

Mzee aliajiriwa kama mchoraji msaidizi, enzi ambazo ramani zilichorwa kwa wino na pumzi zikabanwa. Alipanda hadi mchoraji mkuu. Amechora upya mito, reli na mipaka ya wilaya, na wilaya zetu, kama mjuavyo, huzaana kama sungura. Hajawahi kumwaga wino. Chai ameimwaga mara mbili, zote juu ya meza ya jirani aliyetajwa.

Nchi nzima imegawanywa katika karatasi mia moja sitini na tatu. Kwa miaka ishirini na miwili sasa, kila siku ya kazi saa mbili kasorobo asubuhi, Mzee amekuwa akivuta droo, akitandaza karatasi moja na kuweka kidole gumba juu yake, kisha anaomba. Kwanza hushukuru kwa kila anachokiona: kisima, daraja, zahanati, hata kilima kisicho na jina. Ndipo huwaombea waliomo, raia na watawala, na kumalizia kwa jina la Yesu. Shukrani lazima itangulie, husema, maana hata chumvi huombi kwa jirani kabla ya kumwamkia. Kesho yake ni zamu ya karatasi inayofuata. Zikiisha, anaanza upya.

Kasoro ni kwamba Mzee hupaka mikono mafuta ya mgando. Mwaka mmoja dada mmoja mgeni ofisini, mchoraji hodari lakini mwenye haraka zake, aliona doa la mviringo kwenye ramani, akalinakili kama kinamasi. Ramani ikachapwa. Miezi miwili baadaye mhandisi wa barabara akapiga simu akifoka: amefika huko na mabuti ya mpira hadi magotini, amekuta uwanja mkavu na watu wanacheza mpira! Mkurugenzi akaita kikao. Mzee hakujitetea, aliinua dole gumba, basi. Jina la Gumba likamkaa tangu siku hiyo. Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani, kisha akatoa waraka: maombi ruksa, ila dole likae pambizoni. Mzee alitii, huku akinung'unika kwamba hakuna anayeishi pambizoni.

Mwaka jana tulianza kuzipiga picha karatasi zote ziingie kwenye kompyuta. Kila moja ilikuwa na doa pambizoni, isipokuwa ya tisini na saba. Hiyo ilikuwa safi kabisa. Jirani wa meza, kwa umbea wake, akauliza, na Mzee hakumficha. Huko, katika vurugu za mwaka wa uchaguzi, mdogo wake aliyekuwa mwalimu aliuawa na watu ambao watoto wao alikuwa akiwafundisha. Msiba huo ndio uliomwanzisha kuiombea nchi. Kuwaombea watu wale, alisema, angejikaza. Kushukuru ndiko kulikomshinda. Akisema asante na moyo unakataa atakuwa anadanganya, na Mungu si bosi wa kudanganywa. Kwa hiyo aliiruka kila zamu yake ilipofika. Lakini ilimuuma kwamba anaiombea nchi yenye tundu, na kwamba atastaafu bila kuimaliza hata mara moja.

Ijumaa makabati yatafungwa na karatasi zitapelekwa ghala la kumbukumbu. Jumanne, saa mbili kasorobo, Mzee alivuta droo na kuitoa ya tisini na saba. Aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Jirani alijifanya anatafuta rula, ambayo alikuwa ameishika mkononi. Halafu Mzee akaomba, si kwa sauti kubwa, ila chumba chenyewe ni kidogo. Alishukuru kwa miaka minane ambayo mdogo wake alifundisha pale kabla ya ile siku moja. Akawaombea wanafunzi wale, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto wao, akawaombea na wazazi wao wote, bila kuwatoa waliomuua. Akalia. Tuseme kweli, walilia wawili.

Mzee wetu, asante kwa mkono usiotetemeka, na kwa asubuhi zote ulizotuombea sisi tukiwa bado njiani kuja kazini. Nenda ukapumzike na mama na wajukuu. Mungu akuzidishie miaka, na mafuta ya mgando yasikuishie.

Kwa Mkurugenzi, neno moja la kuungama. Jumanne dole halikukaa pambizoni. Lilitua katikati ya karatasi, juu ya alama ya shule, na waraka ukavunjwa mbele ya shahidi. Yeyote atakayeipiga picha tena karatasi hiyo, asidhani ni kinamasi. Na tafadhali, doa hilo asilifute.