Besi Ifike Kitini kwa Shemeji

Kijiwe kiko nje ya kibanda cha kinyozi, benchi moja la mbao, na kahawa ikishamiminwa kila mtu hugeuka mtaalamu. Siku hiyo mwenye shida alikuwa Winchi, aitwaye hivyo kwa kuwa ameendesha winchi za ujenzi ujana wake wote. Binti yake alikuwa amewanunulia redio kubwa ya sebuleni, spika tano na sabufa, lile boksi la besi. Mkewe masikio yalizima mwaka jana baada ya kuugua. Lakini alipoweka kiganja juu ya sabufa, mabega yakaanza kucheza, na Winchi akatoka nje kujifuta machozi. Tatizo, mkewe akirudi kwenye kiti chake cha dirishani hahisi kitu.

— Nataka besi imfuate pale pale kitini, alisema Winchi. Mungu kanirudishia mke anayecheza, jamani. Sitaki apoe tena.

— Sabufa umeiweka wapi? akauliza Kinyozi.

— Nyuma ya mlango.

— Basi unauburudisha mlango! Ipandishe juu ya kiti cha shemeji, washa muziki, halafu tambaa sebule nzima. Besi inapovuma zaidi, hapo ndipo pa kuiweka.

— Nimetambaa juzi mpaka magoti yakachubuka. Ilivuma kwenye njia ya kwenda chooni. Nikiiweka hapo, tupite dirishani?

Injinia, mwashi aliyejipa cheo hicho mwenyewe, akatua kikombe.

— Kosa ni sakafu. Zege halina hisia. Tuvunje, tuweke mbao, chini tuache uwazi.

— Nyumba ya kupanga hiyo!

— Mwenye nyumba tutamwambia tunatafuta panya.

— Au tupitishe nondo chini ya kapeti, Kinyozi akadakia, kutoka sabufa mpaka kitini.

— Mpaka kitandani kabisa! akaongeza Injinia. Shemeji alale nayo.

— Na mimi nilale wapi?

Wakacheka. Winchi aliwatazama, moyo umemjaa. Kinyozi alikuwa amemwacha mteja ndani na kichwa nusu. Injinia alikuwa amepiga magoti vumbini, anachora sebule isiyo yake. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, zoea tu, ndiyo hali yake. Alishukuru kuwa na watu.

Mara mkewe akatokea, kaja kumwita mumewe. Injinia akamwonyesha mchoro kwa vidole: dirisha, sabufa, nondo. Mama akainama, akautazama kwa makini.

— Hiki ndicho kiti changu? akauliza kwa sauti kubwa, ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

Wote wakaitikia kwa vichwa.

— Kwani hakisogei?

Kinyozi akaangalia mkasi wake. Injinia akabaki na kijiti mkononi.

— Asanteni sana, mashemeji zangu, kwa kunihangaikia, mama akasema, akicheka. Akamshika Winchi mkono. Njoo tukisogeze. Na cha kwako ukilete hapo hapo, nimechoka kukaa peke yangu.