Kauli Zilikuwa Mbili: Katibu Wetu Anastaafu

Jumanne, tarehe 30 Juni, katibu wa kanisa letu anakabidhi funguo za ofisi baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Aliingia akiwa mpiga chapa wa miaka ishirini na saba, anatoka akiwa bibi wa wajukuu watano. Amefanya kazi na wachungaji wanne, na wote aliwapokea yeye na kuwaonyesha swichi za taa ziko wapi. Hajakosa mkutano wa washirika hata mmoja, ukiondoa ule uliofanyika siku aliyojifungua kitindamimba wake. Muhtasari wa siku hiyo aliudai akiwa bado wodini, akaurudisha na masahihisho kumi na mawili.

Jina lake lipo kwenye faili, lakini hakuna anayelitumia. Tunamwita Mama Muhtasari, na jina lenyewe ni utani, maana mama huyu hajawahi kufupisha kitu. Ukisimama mkutanoni ukasema maneno manne, yote manne utayakuta kwenye kitabu. Mshirika mmoja aliwahi kuuliza kama kikao kitakwisha kabla ya mvua. Swali lake limo, na jibu la mwenyekiti limo, na mvua nayo imeandikwa ilianza saa ngapi.

Miaka miwili ya mwanzo alitumia mashine ya chapa ambayo herufi R ilikuwa imekufa. Kila tangazo lililomtaja Roho Mtakatifu lilitoka limeandikwa "oho". Akawa anaijaza R kwa kalamu, nakala moja baada ya nyingine, nakala mia na hamsini kila Jumamosi. Shemasi mmoja akamwambia aache tu, watu wataelewa. Akajibu kwamba hatamkata Roho Mtakatifu kichwa kwa sababu ya uchakavu wa mashine.

Wengi wenu mnakumbuka pia ubatizo wa yule mwashi, jitu la watu. Mimi ni fundi bomba na kujaza kisima cha ubatizo ni kazi yangu, kwa hiyo nilikuwa nimesimama karibu. Mchungaji wetu wa pili alimshika mwashi, akamzamisha vizuri, na wakati wa kumwinua mguu ukateleza. Wakazama wote wawili. Kanisa zima likanyamaza mpaka viatu vya mchungaji vilipoonekana juu ya maji. Kwenye rejista, Mama Muhtasari aliandika kwa mwandiko wake uliotulia: "Waliozamishwa leo ni wawili, mmoja wao kwa mara ya pili."

Mumewe, fundi saa, anasema hajawahi kushinda ugomvi nyumbani kwa sababu mwenzake anakumbuka tarehe.

Nimeombwa niandike mambo mepesi. Hayo hapo juu ndiyo mepesi. Linalofuata si jepesi, na asiyetaka kulisoma anaruhusiwa kufunga karatasi hii.

Miaka kumi na moja iliyopita alikuwepo kati yetu muuguzi mmoja aliyekuwa amesali nasi miaka tisa. Alifundisha watoto wetu shule ya Jumapili na aliuguza nusu ya wazee wa kanisa hili. Lakini hakuwa mshirika. Alikuwa amebatizwa akiwa mchanga, kwa kunyunyiziwa maji, katika kanisa lingine. Sisi Wabatisti tunambatiza anayeamini kwa kinywa chake mwenyewe, na tunamzamisha. Muuguzi akaomba apokelewe bila kuzamishwa. Barua yake ilikuwa na mstari mmoja uliowasha moto: "Mungu alinisikia mara ya kwanza."

Mkutano wa washirika ukaitishwa mwezi Machi. Tulibishana saa mbili na nusu. Kura ilipigwa kwa kusimama, na Mama Muhtasari akaandika majina. Themanini na wanane tulisema sheria ibaki, azamishwe kwanza. Arobaini na mmoja walisema apokelewe alivyo. Mimi nilikuwa kwenye themanini na wanane. Mama yangu mzazi alikuwa kwenye arobaini na mmoja, benchi la pili kutoka dirishani, na aliposimama hakunitazama.

Mchungaji wetu wa wakati huo, aliyekuwa mwenyekiti, akapangusa jasho. Alikuwa mtu mwema, lakini mchovu, na wiki iliyofuata muhtasari ulitakiwa kwenda makao makuu ya makanisa yetu. Akamgeukia katibu.

"Mama, andika: washirika wamekubali kwa kauli moja."

"Mchungaji, kauli zilikuwa mbili," akasema Mama Muhtasari. "Nimezisikia zote."

"Ni kwa ajili ya umoja."

"Umoja wa kina nani? Hawa arobaini na mmoja niwaweke wapi?"

Jioni ile mashemasi tulikaa. Tukamsimamisha ukatibu kwa utovu wa nidhamu, tukabadilisha kitasa cha ofisi, na mimi nikatumwa nyumbani kwake nikachukue kitabu cha mihtasari. Sikulazimishwa. Nilijitolea.

Nilimkuta anapiga pasi.

"Karibu, Shemasi. Umekuja kutusalimia au umetumwa?"

"Nimetumwa, Mama. Mashemasi wanataka kitabu."

"Mashemasi hawana kitabu. Kitabu ni cha washirika. Waite washirika, nitakileta, nitakiweka mezani mbele ya macho yao, wakitaka wakichome. Ila mfukoni mwako hakiingii."

"Mama, unaligawa kanisa."

"Kanisa liligawanyika saa sita kasoro robo, mwanangu, na wewe ulikuwepo. Mimi niliandika saa tu."

Akaweka pasi pembeni, akanimiminia chai. Niliinywa kwa aibu, nikaondoka mikono mitupu.

Miezi sita alikaa nje ya ofisi. Kila Jumapili alikuja, akakaa mahali pake, akaimba, kitabu kikiwa ndani ya mkoba miguuni. Watu walimpita mlangoni kama wanampita mgonjwa. Wengine waliacha kumsalimia, na mmoja wao ni mimi.

Wale arobaini na mmoja nao walikuwa wameanza kutafuta ukumbi wa kuanzisha kanisa lao. Kiongozi wao alikuwa fundi cherehani tunayemwita Baba Besi, kwa ajili ya sauti yake kwenye kwaya. Akaenda kwa Mama Muhtasari na wazee wawili, wakamwomba awe katibu wa kanisa jipya, na aje na kitabu. Baba Besi mwenyewe ndiye aliyenisimulia walivyojibiwa.

"Mmekosea nyumba," aliwaambia. "Mimi niliwapinga. Someni majina: niko kwenye themanini na wanane. Na kura ikipigwa kesho nitawapinga tena."

Baba Besi akamuuliza, "Sasa Mama, unanyanyasika kwa ajili ya nini?"

"Kwa sababu mlikuwepo," akasema. "Mlisimama, nikawaona. Mnataka niseme sikuwaona?"

Walirudi makwao. Ile habari ya ukumbi ikapoa.

Mwezi Julai mama yangu alifariki. Tangu ile kura tulikuwa tunasalimiana na kuulizana hali, zaidi ya hapo hatukuzungumza. Nilidhani muda upo.

Mwezi Septemba mkutano wa washirika ukakaa tena. Katiba yetu inadai muhtasari uliopita usomwe na kuthibitishwa. Katibu wa muda, mwalimu kijana asiye na kosa lolote, akasoma karatasi aliyopewa, na alipofika kwenye "kwa kauli moja", Mama Muhtasari akainuka.

"Mwenyekiti, naomba kurekebisha."

"Mama, keti," akasema mchungaji.

"Nitaketi nikimaliza. Mshirika ana haki ya kurekebisha muhtasari. Kifungu cha kumi na nne."

Akafungua kitabu, akaanza kusoma majina ya wale arobaini na mmoja waliokataa. La kwanza lilikuwa la Baba Besi, naye akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Wa pili akasimama, na wa tatu. Alisoma polepole, kama mtu anayeita watoto waingie ndani. Jina la ishirini na sita lilikuwa la mama yangu.

Hakuna aliyesimama. Mama Muhtasari hakuendelea na jina la ishirini na saba. Alingoja. Nikasikia benchi likilia, nikagundua ni langu, na kwamba nimesimama.

"Shemasi," mchungaji akasema, "wewe ulikuwa upande wetu."

"Nilikuwa, Mchungaji, na bado nipo. Lakini mama yangu alikataa. Msimfute."

Mama Muhtasari akainamisha kichwa mara moja, akasoma jina lililofuata.

Yalipokwisha yote arobaini na moja, mchungaji alivua miwani. "Rekebisheni," akasema. "Themanini na wanane kwa arobaini na mmoja." Baada ya mkutano alimletea ufunguo kwa mkono wake mwenyewe.

"Umenifedhehesha, Mama."

"Ndiyo, Mchungaji. Na Jumapili nitakuja kukusikiliza ukihubiri, kama siku zote."

Alikuja. Na mchungaji, namshukuru kwa hilo, alihubiri vizuri.

Sitasema kwamba mambo yote yalitengemaa. Watu sita waliondoka na hawajarudi. Sheria ilibaki. Imeletwa tena mkutanoni mara mbili, ikashinda mara zote mbili, ya mwisho kwa tofauti ya kura tisa tu. Yule muuguzi mpaka leo hajazamishwa, hapigi kura, na hajaacha kuja. Darasa lake la watoto ndilo kubwa kuliko yote. Mimi bado naamini azamishwe, na nimemwambia usoni. Yeye naye amenijibu, na ana ulimi.

Wapo wanaotusema nje huko kwamba sisi ni kanisa la ubishi. Waseme. Hapa hatuna askofu wa kutuamulia tufikiri nini. Tuna Kristo, Biblia, chumba kimoja na watu mia moja na ushee wenye vichwa vigumu. Anayetaka umoja wa kunyamazishana autafute kwingine. Wetu ni huu wa kukaa benchi moja na mtu aliyekushinda kwa kura, ukashika naye kitabu kimoja cha nyimbo.

Kamati ya maandalizi iliujadili wasifu huu kabla haujachapwa. Watano walikubali usomwe, wanne walitaka nusu yake iondolewe. Wanne hao wana hoja, wapo humu ukumbini, na keki watakatiwa kama wengine.

Mama Muhtasari, asante. Asante kwa miaka thelathini na mitatu, kwa R zote ulizozijaza kwa mkono, na kwa kungoja kimya baada ya lile jina la ishirini na sita. Mungu akupe afya, akupe siku ndefu na fundi saa wako, na wajukuu wasiokubali kushindwa kirahisi. Nenda ukapumzike. Sisi tutaendelea kubishana, na hakuna atakayefutwa.