Aliyezisikiliza Nyimbo Mpya kwa Miguu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni dada mkubwa wa marehemu. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu mbili: nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na wenzangu wote wanaogopa kipaza sauti. Atakayeona nimerefusha mno, anyooshe kiganja. Waliofanya kazi na marehemu wanajua maana yake, na wengine mtaijua muda si mrefu.

Kaka yetu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1963, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya kiwanda cha sabuni ambako baba alikuwa fundi mitambo. Mashine zilikuwa zikigonga mchana kutwa, na sakafu yetu ikitetema pamoja nazo. Mama alimlaza chini, juu ya mkeka, naye alilala fofofo. Siku mashine zikiharibika, ndipo alipolia. Majirani walishukuru kimya, mtoto wetu akatuharibia.

Jioni ilikuwa kazi yangu kumsimulia hadithi. Ikiwa mpya, alisikiliza mdomo wazi. Nikithubutu kuirudia, alinipa mgongo na kusema, "Hiyo nishaisikia, dada." Alikuwa na miaka minne, nami nilikuwa na hadithi tatu tu kichwani. Nililazimika kuanza kutunga, na kama leo nasemwa kwamba napiga chuku, lawama zimwendee yeye.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1977 na sekondari mwaka 1981. Kwenye kwaya ya shule hakudumu. Mwalimu alimwambia apige makofi pamoja na wenzake, naye akapiga katikati ya makofi ya wenzake, kwa makusudi, mpaka mstari wa nyuma wote ukaanza kucheza. Alitolewa nje siku hiyohiyo. Mwalimu wa hesabu naye alilalamika kwamba kijana huyu anagonga dawati, lakini akaongeza kwenye ripoti kwamba anagonga vizuri. Baada ya hapo alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu fani ya umeme mwaka 1984.

Alianza kazi kwenye karakana ya kutengeneza redio kaseti. Kisha akawa fundi wa spika katika ukumbi wa dansi, na mwaka 1996 akaajiriwa na kituo cha redio kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Aliajiriwa kama fundi umeme, si kitu kingine. Lakini pembeni ya studio kulikuwa na boksi la kaseti zilizoletwa na watengeneza muziki wasiojulikana, na hakuna mtangazaji aliyetaka kuzigusa. Siku moja, marehemu akiwa chini ya meza anarekebisha soketi, mtangazaji mmoja aliweka kaseti mojawapo ili tu apate cha kucheka. Kabla wimbo haujafika nusu, mkono ulichomoza kutoka chini ya meza, kidole kimeinuliwa. "Huo usiuzime," marehemu akasema. "Rudisha mwanzo, nitoke nivue viatu."

Hivyo ndivyo alivyopata dawati lake la nyimbo mpya. Muziki wa kompyuta, hip-hop ya kuchezeka, remiksi za kila namna, vyote vilipita kwake kwanza, na vilivyofaa vilikwenda hewani kwenye saa yake ya Ijumaa. Alisikiliza akiwa amesimama, peku, nyayo kwenye saruji, kwa sababu alisema masikio hudanganywa kirahisi lakini miguu haina adabu ya kujifanya. Mkono wa kulia ulishika kisikilizio. Mkono wa kushoto ulitoa hukumu. Kiganja kikilala na kuteleza hewani, wimbo umekatwa. Kidole cha shahada kikipanda, wimbo umepita. Na hakutaka kuambiwa jina la mwenye wimbo mpaka hukumu itolewe.

Kanuni hiyo ilimponza, au ilimjenga, siku meneja wa kituo alipoingia na wimbo mkononi. Marehemu alisikiliza, kiganja kikalala. Meneja akamuuliza, "Unajua huo ni wa nani?" Marehemu akajibu, "Sijui, bosi, na hiyo ndiyo faida yangu." Ulikuwa wa mtoto wa dada yake meneja. Kazi hakufukuzwa, kwa sababu jioni yake alimpigia simu kijana mwenyewe, akamwambia, "Besi yako imelala. Iamshe, halafu uniletee." Kijana akaiamsha. Wimbo ulipita mara ya pili, na meneja akawa anatembea kifua mbele kana kwamba ameutunga yeye. Wengi mlioketi hapa mmepata simu ya namna hiyo. Aliwakatalia watu nyimbo zao, lakini hakumwacha mtu gizani bila kumwambia sababu.

Wenzake walimwita Mpya. Alitupenda sisi ndugu zake wa zamani, hilo halina ubishi, ila ukitaka kumwona amechangamka ilibidi umpelekee kitu ambacho hakijawahi kuingia masikioni mwake. Aligundua fundi wa kuchomelea aliyetengeneza ngoma kwa kurekodi nyundo zake. Aligundua mama muuza mitumba aliyekuwa akirap vibaya lakini akichanganya midundo kama mchawi. Alikuwa akirudi nyumbani amewabeba watu hao mdomoni, anawaeleza mezani mpaka chakula kinapoa.

Sasa nizungumzie ndoa, maana wifi ananikazia macho. Wifi alikuwa muuzaji wa lile duka la viatu chini ya studio. Kila besi ilipopigwa juu, rafu zake zilitikisika na viatu vikaporomoka. Mwanzoni alipanda ngazi kwenda kugomba. Mara ya pili alipanda kugomba tena, lakini akaongeza neno: "Ule wa jana walau ulikuwa wa maana, viatu vya ngozi vilianguka vyenyewe. Huu wa leo hata kandambili haijasogea." Marehemu alimtazama kama mtu aliyepata msaidizi mpya kazini. Kuanzia hapo, kila alipokuwa na shaka na wimbo, alikuwa akishuka dukani kuuliza kilichoanguka. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1999, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Wifi anasema hakuwahi kuwa na siku mbili zilizofanana, na hasemi kama hiyo ni sifa au malalamiko.

Tarehe 17 Novemba 2022 marehemu alianguka bafuni nyumbani kwake. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulilala wote, na maneno yakaondoka. Hospitalini alifungua macho, lakini macho hayo yalipita juu yetu kana kwamba sisi ni watu wa foleni. Daktari, mtu mpole sana, alianza kutueleza habari za ubongo. Wifi akamkatiza. "Daktari, nisamehe, mimi hayo siyaelewi. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mume wangu yumo, au hayumo?" Daktari akasema, "Mama, kwa kweli sijui."

Swali hilo tulilala nalo na kuamka nalo kwa wiki kadhaa. Kumuuguza mtu ni kazi, lakini unaifanya. Kutojua kama unamuuguza mtu au unakitunza kitanda ndiko kulikokuwa kunatumaliza. Wifi alikuwa akimlisha huku akimwita taratibu, halafu anasubiri kama mtu aliyebisha hodi.

Wageni wakatushauri tumwekee muziki, kwamba humrudisha mgonjwa. Tukaona ni wazo la maana. Jamaa wa redioni walikusanya nyimbo zote alizowahi kuzipenda: wimbo wa harusi yake, ule wa nyundo, hata remiksi iliyoangusha viatu vya ngozi. Nilimwekea mimi mwenyewe sikioni. Hakuna kitu. Kope hazikutikisika. Tukarudia kesho yake, na keshokutwa, mpaka siku moja wifi alitoka akaegemea ukuta wa korido, nami nikajua anawaza nini, kwa kuwa nilikuwa nawaza hilohilo. Mtu huyu asipousikia muziki huo, basi ameshaondoka, na sisi tunamsalimia mlangoni wakati ndani hakuna mtu.

Binti yake ndiye aliyetuokoa. Aliingia ametoka kazini, mkoba bado begani, akasikia kinachopigwa, akashika kiuno.

"Shangazi, mnamfanyia nini baba?"

"Tunamwekea nyimbo zake."

"Zake zipi? Hizi zote si ameshazisikia!"

Nikauzima wimbo. Nilisahauje? Mimi, niliyepewa mgongo kwa hadithi ya kurudia tangu enzi za mkeka.

Simu ya marehemu ilikuwa bado inapokea nyimbo kutoka kwa watu wasiojua kwamba anaumwa. Binti alifunua shuka miguuni, akaegesha kispika kidogo kwenye chuma cha kitanda ili mtetemo ufike kwenye nyayo, akafungua wimbo wa kwanza bila kutazama jina. Ngoma za kompyuta, besi, na kijana anayerap mbiombio kama anakimbizwa na mbwa. Tukasubiri. Mdundo ulipobadilika, mkono wa kushoto wa kaka yangu ulisogea. Kiganja kikalala, kikateleza juu ya shuka.

Alikuwa ameukata.

Sijawahi kuona wimbo ukikataliwa watu wakashangilia namna ile. Wifi aliruka. "Yumo! Jamani, yumo, na bado hana huruma!" Nesi akaja mbio akidhani tumefikwa na msiba. Nikamshika mikono yote miwili nikamwambia, "Amekataa! Amekataa wimbo!" Maskini, alitutazama kana kwamba sisi ndio wagonjwa. Wa pili akaukata vilevile, na alikuwa na haki. Wa tatu ulianza taratibu kwa kinanda cha umeme, ngoma zikaingia mojamoja, na kile kidole cha shahada, chembamba kuliko nilivyokizoea, kikapanda. Nililia hadharani na sikuona aibu. Mzigo niliokuwa nimeubeba kifuani ulishuka pale pale, na mpaka leo haujarudi.

Alirudi nyumbani Januari 2023. Maneno hayakurudi, lakini dawati lilirudi. Binti yake alichukua ile saa ya Ijumaa, na kila wimbo ulipita kwanza kwenye chuma cha kitanda cha baba. Aliaga dunia Alhamisi asubuhi, tarehe 16 Mei 2024, akiwa kitandani kwake baada ya chai, moyo umesimama bila vurugu wala maumivu, mkono wa wifi ukiwa juu ya ule wa kushoto. Jana yake alikuwa amekata nyimbo nne na kupitisha mmoja. Kwa hiyo tukionekana leo hatujavunjika sana, msitushangae. Tuna huzuni, lakini tumeshusha pumzi. Tulikuwa naye, na tulijua tuko naye, mpaka chai ya mwisho.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, mjukuu mmoja ambaye hapendi kubembelezwa kwa wimbo wa jana, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha pia watengeneza muziki wengi kuliko tunavyoweza kuwataja, waliopita na waliokatwa.

Neno la mwisho. Miaka mingi iliyopita, tukitoka kwenye maziko ya jirani, kaka alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, msije mkanizika kwa wimbo niliokwisha kuusikia." Nilicheka. Leo natii. Alhamisi ile, chai ikiwa bado ya moto mezani, simu yake ilipokea wimbo kutoka kwa mtu tusiyemjua. Yeye hakuwahi kuusikia. Binti hajausikia, mimi sijausikia, na jina la mwenyewe hatujalitazama. Kispika kipo chini, kando ya jeneza. Wanaoweza, wavue viatu.

Pumzika salama, kaka. Hadithi hii sikuwahi kukusimulia.

Binti, bonyeza.