Viganja Vinne vya Unga
Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, fundi viatu alikuwa akimwonyesha mama aliyeketi naye daftari la mapishi la marehemu mkewe.

"Dada, hapa ameandika viganja vinne vya unga. Nimefuata, keki imetoka ngumu kama soli. Na kesho wanangu wanakuja, sikukuu yetu ya kwanza bila mama yao."

"Kwa hiyo mikono yako mikubwa kama makoleo, kaka? Viganja ni vyake, si vyako!" Mama alicheka, kisha akamnyooshea mkono. "Haya, linganisha na huu."

Fundi akaushika kwa adabu, akaukunja vidole taratibu. "Wake ulikuwa mdogo kidogo," akasema.

Basi likasimama kwenye kituo cha fundi kushuka. Nikageukia dirishani, maana bado hakuwa ameuachia ule mkono.