Reuben Komora, Aliyemhoji Ng'ombe

Marehemu Reuben Komora alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 kijijini Golbanti, mtoto wa nne wa mzee Hiribae Komora na mama Dina, na kwa ushahidi wa mama yake alianza kuiga sauti za watu kabla hajajua kutembea vizuri, jambo lililomletea viboko vingi katika shule ya msingi aliyosoma kuanzia 1969 hadi 1975, kwa maana sauti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwalimu mkuu.

Mwaka 1981 alifungua kibanda cha kutengeneza redio mjini Garsen, na tarehe 8 Desemba 1984 akafunga ndoa na Bi. Rael, wakajaliwa watoto watano, ambao wote mnawaona hapa mbele.

Lakini hatukuja kumzika fundi wa redio tu. Mwezi Mei 2004, yeye na rafikiye Sora, mfugaji wa Kiorma, walirekodi kanda ya kuchekesha wakiuiga ule mchezo wa polisi wa redioni uliopendwa nchi nzima, ule ambao Inspekta hakosi kumnasa mwizi kabla ya taarifa ya habari, ila Inspekta wao alitumwa kijijini Idsowe kuchunguza mahindi yaliyoliwa, akamkamata ng'ombe, akamhoji nusu saa nzima huku Sora akiwa mkalimani wa mshukiwa, na kila ng'ombe alipocheua, Inspekta aliandika kwamba anatafuna ushahidi. Mkulima alicheka, mfugaji naye alicheka, na wanaojua ugomvi wa mahindi na ng'ombe umetufikisha wapi huku kwetu wataelewa kwamba hilo halikuwa jambo dogo.

Aliyenuna alikuwa mkuu mmoja wa polisi, ambaye jina lake na kituo chake tunavisitiri. Tarehe 2 Agosti alimwita marehemu, akamwambia ametukana idara, akampa siku saba azikusanye kanda zote mia mbili alizouza na kuzileta zichomwe, la sivyo kibanda kingefungwa na mwenyewe angeshitakiwa. Marehemu alikuwa na watoto watano na kibanda kimoja, kwa hiyo alipanda baiskeli akaenda kuzitafuta, moyo ukimuuma kweli kweli, lakini Golbanti walisema hawajawahi kuisikia kanda hiyo, Idsowe walimpa chai wakabadilisha mazungumzo, na kule Wenje bibi mmoja alimwapia kwamba yake imeliwa na ng'ombe.

Siku ya saba alijipeleka kituoni mikono mitupu, tayari kufungwa, akakuta askari wameizunguka redio wakisikiliza kanda ile ile, mkuu wao akiwa katikati anafuta machozi ya kicheko. Mkuu alimwuliza jambo moja tu, "Kwa nini ng'ombe hakupewa wakili?" Sehemu ya pili, yenye wakili, ilitoka Desemba, ikauzwa kuliko ya kwanza.

Marehemu alianza kuugua figo Januari 2024, akatibiwa Hola na baadaye Malindi, akatutoka tarehe 19 Juni 2025, saa nne asubuhi, Bi. Rael na mzee Sora wakiwa kando ya kitanda. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Garsen na Golbanti, mafundi wenzake, na askari wastaafu waliotuletea hema hili. Ile amri ya kurudisha kanda haikufutwa kamwe kwa maandishi, kwa hiyo familia inawaomba nyote mlio nazo mwendelee kukaidi.

Pumzika kwa amani, Komora, huna kesi.