Wazee Walilia, Nakato Akapiga Kigelegele

Asifiwe Bwana! Asifiwe tena, nyinyi mliojibanza hapo mlangoni juu ya viatu sijawasikia!

Mimi ni Wafula, sekyuriti wa geti. Shule niliiacha kabla haijaniacha, kwa hivyo nitaongea tu.

Ndugu zangu, sisi wa zamani tulikuwa na ushirika kule mtaa wa Al Muraqqabat, hapa Dubai, we! Tukisema amina moja, lifti inashuka yenyewe. Mandazi ya Mama Atieno, kiongozi wetu wa maombi, moja unalalia kama mto! Kisha mwenye jengo akasema khalas, yaani basi, tokeni, nabomoa. Tukatawanyika. Wengine Sharjah, wengine wakarudi nyumbani, mimi nikapata kitanda cha juu huko mtaa wa Naif, karibu na dari hadi buibui akawa jirani.

Hapo nikaanza kufa nikitembea. Kazini naitwa sekyuriti, chumbani naitwa kitanda cha juu. Mama yangu akapiga simu kutoka nyumbani, alikuwa mgonjwa, akataka tuombe kwa lugha yetu. Midomo ikakwama! Kiswahili kilitoka, Kiarabu kikatoka, Kibukusu hakuna. Mama akauliza, "Kwani ni wewe, ama nimekosea namba?"

Ndugu zangu! Hata mimi sikujua.

Ndiyo Mama Atieno akaniita mtaa wa Al Nahda, eti tunaanza upya. Kufika, watu watano kwa chumba kama kabati!

"Mama, hii ndiyo ushirika?"

"Keti chini, Wafula. Ama unangoja ukuta ukukaribishe?"

Akatusomea vile Wayahudi walirudi kutoka Babeli. Mji wao ulikuwa mawe na majivu. Wakasimamisha madhabahu kwanza, wakaabudu hapo kabla msingi wa hekalu haujawekwa. Msingi ulipowekwa, wazee walioiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti. Wengine wakashangilia. Hakuna aliyeweza kutenganisha kilio na shangwe.

Basi mimi nikalia kama bomba limepasuka, ghorofa ya chini wakatafuta ndoo! Nalilia Al Muraqqabat. Na papo hapo Nakato, dada yetu wa Uganda, anafanya kazi ya nyumba, madam alikuwa amempa off yake ya kwanza, akapiga kigelegele.

Nikakasirika. "Dada, hapa unafurahia nini?"

"Kaka, tangu nifike Dubai hakuna mtu ameniita jina langu. Leo mmeniita. Wewe unalilia nyumba yako ya kwanza. Mimi ya kwanza ndiyo hii."

Haleluya! Bwana akanifungua pale pale. Ndugu zangu, wale Wayahudi walinyang'anywa mji, walinyang'anywa hekalu, lakini walipokusanyika mbele za Mungu wakajijua tena ni nani. Na wazee hawakuambiwa wanyamaze. Kazi iliendelea na machozi yao ndani. Nimefikiria hilo sana nikiwa getini.

Nakato akaniambia, "Imba ya kwenu." Nikafungua mdomo, Kibukusu kikamwagika! Jioni nikampigia mama, tukaomba mpaka simu ikataka kuungua. Namshukuru Mungu, mama anatembea.

Wewe uliyeketi hapo, kuna kitu kilibomolewa, unakililia peke yako chumbani. Sikwambii unyamaze. Ninasema usilie huko. Njoo ulie hapa kati yetu, mwenzako akishangilia ubavuni mwako. Bwana anapokea yote mawili, na hapa tutakuita kwa jina lako. Mwamini! Amina!