Koti la Askari

Ndani ya tramu, Hamburg, bibi aliyeketi akinielekea alimwambia bwana wa kando yake kuwa anakwenda mahakamani kutoa ushahidi: askari polisi wa mtaani kwao kaiba makaa ya shule. "Ila jana nimeona filamu, askari kasingiziwa. Sijalala."

"Huyo mwizi, ulimwona uso?" bwana akauliza.

"Niliona koti la polisi."

"Bibi wewe, hata hili langu lilikuwa la polisi. Nimebadilisha vifungo tu. Tangu vita viishe nusu ya mji tunavaa haya."

Nikakunja mikono kuficha vifungo vya koti langu, nalo la polisi.

"Nimeshatia saini maelezo yangu," bibi akanong'ona. "Nikigeuka, mwongo ni mimi."

"Usipogeuka, mwenzio anafungwa."

Tramu ikasimama mahakamani. Nikavuta magoti apite. Hakuinuka, wala hakuniambia niyarudishe magoti, kama ambaye bado hajaamua.